Pikipiki iliyosimama muda mrefu: kiki ije mwisho

Mtu akikabidhiwa pikipiki iliyokaa stoo miaka, hamu yake ya kwanza ni kupiga kiki. Naielewa hamu hiyo, maana na mimi ninayo. Unataka kusikia kama bado ni nzima. Akitokea na mtu wa pembeni akasema "hebu jaribu kidogo tuone," basi mguu umeshapanda.

Naomba usipige, angalau si siku hiyo. Nimeona zaidi ya injini moja iliyovumilia miaka ya kusimama bila tatizo kubwa, ikaja kuumizwa siku ya kuwashwa, tena ndani ya dakika chache za kwanza. Tunadhani chombo kisichotumika kimepumzika. Pikipiki haipumziki. Wakati wewe umeifunika turubai na kuisahau, petroli iliendelea kubadilika ndani ya tangi, asidi iliendelea kula sahani za betri, unyevu ulipenya kwenye silinda, raba zilikakamaa. Kazi ya kuiamsha ni kwenda kuangalia kila kimoja kimefika wapi kabla hujavilazimisha vyote vifanye kazi kwa pamoja.

Ya karibuni niliyoishughulikia ni ya dada yangu mkubwa. Ni ya cc mia moja ishirini na tano (ndio ujazo wa injini), silinda moja, yenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ina stata na ina kiki, breki ya diski mbele na ya ngoma nyuma. Aliiacha alipokwenda masomoni, na masomo yakazaa kazi ya huko huko. Aliponiomba niiamshe aliniambia kwenye simu, "Mdogo wangu, hiyo piga kiki mbili tatu itawaka, mimi naijua." Nikamjibu, "Dada, unaijua ilivyokuwa. Nipe muda nikuambie ilivyo sasa." Akacheka, akanipa muda.

Nilianza na pua. Fungua mfuniko wa tangi, nusa. Petroli nzima ina ukali wake unaofahamika, unaopanda haraka puani. Iliyochakaa inanuka vanishi, harufu nzito yenye uchachu kidogo, na ukishaisikia mara moja hutaichanganya tena na nyingine. Petroli si kimiminika cha aina moja. Ni mchanganyiko wa kemikali nyingi sana, nyepesi na nzito. Zile nyepesi ndizo zinazosaidia injini baridi kuwaka, na ndizo zinazoruka kwanza. Zinazobaki hukutana na oksijeni ya hewani na taratibu huzaa utomvu unaonata. Miezi mitatu hadi sita inatosha kuanza kuona tofauti. Kwa miaka huwa hakuna cha kujadili, hayo mafuta yanatolewa yote.

Kama petroli ilichanganywa na ethanoli, kuna jambo la ziada. Ethanoli hunyonya maji kutoka hewani, na yakizidi kiwango inachoweza kubeba, hujitenga pamoja nayo na kuzama chini ya tangi. Koki ya mafuta inachota huko huko chini. Kwa hiyo unaweza kuwa na tangi lenye mafuta mengi huku kinachoingia kwenye kabureta ni maji yenye pombe.

Nilichomoa mpira wa mafuta, nikamimina petroli ya dada kwenye chupa ya kioo na kuiweka kwenye mwanga. Imegeuka kahawia, na baada ya kutulia, chini kukajikusanya vumbi jekundu. Hiyo ni kutu ya tangi. Aliiacha pikipiki na tangi nusu, na tangi nusu ndilo linaloshika kutu vibaya zaidi, kwa sababu nafasi iliyo wazi hupumua: mchana hewa inapanuka na kutoka, usiku inaingia nyingine na unyevu wake, unyevu unaganda kwenye chuma kilicho wazi juu ya mafuta. Ukimulika tochi unauona mstari kabisa, chini kumesafika na juu kumeliwa na kutu.

Mafuta mabovu usiyamwage ardhini wala kwenye mtaro. Yafunge kwenye chombo imara, uyapeleke kunakopokelewa taka za mafuta. Tangi lenyewe lisafishwe kwa siki au asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji, iachwe humo usiku kucha, halafu lisuuzwe kwa maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki. Kutu ikiwa ya magamba, tia nati chache humo na utikise, kisha uzihesabu zinapotoka. Baada ya hapo fanya haraka. Chuma kilichovuliwa kutu kikibaki na unyevu huanza kushika nyingine upya mbele ya macho yako. Kausha kwa hewa ya moto, kisha zungushia petroli mpya yenye oili kidogo kila pembe ya ndani.

Sasa kabureta, na hapa sitakuwa na haraka, kwa sababu hapa ndipo pikipiki nyingi zinapogoma. Bakuli la kabureta linabeba mafuta kidogo sana. Yanakauka mapema kuliko ya tangi, na yakishakauka yale ya nyongeza yanateremka kutoka juu, yanakauka nayo, hivyo utomvu unajijenga tabaka juu ya tabaka. Nilipofungua bakuli la ile ya dada, chini kulikuwa na ngozi ya kijani iliyokolea, inang'oka vipande ukiikwangua kwa ukucha. Boya lilikuwa zima. Jeti ni vijiti vyenye tundu la kupimia petroli: ile kubwa ilikuwa na upenyo, finyu lakini upo. Jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa inanguruma chinichini, ilikuwa imeziba kabisa.

Ishike hiyo jeti ndogo vidoleni uione. Ni kijiti kidogo cha shaba, na tundu lake mara nyingi halifiki hata nusu milimita. Injini nzima, pamoja na yote unayoyajua kuhusu nguvu zake, inategemea tundu hilo ili iwake na kutulia. Likiziba robo tu, utahangaika na choki, ile ya kuwashia injini baridi, itawaka na kuzima, utadhani plagi mbovu, utabadilisha plagi, itafanya vile vile. Inua jeti kwenye mwanga na uchungulie. Unatakiwa kuona duara safi. Ukiona mwezi mchanga, kazi bado.

Usiingize sindano wala waya wa chuma. Shaba ya jeti ni laini, na ukiikwaruza umebadilisha kipimo chake milele. Mimi huiloweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, naiacha, naipuliza kwa hewa ya pampu, narudia. Ikigoma kabisa natumia unyuzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme, bila kulazimisha. Njia za ndani za kabureta nazo zipulizwe moja moja, ukisikiliza hewa inatokea wapi. Kabla hujafungua skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa, izungushe kwanza kuelekea ndani taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, uiandike pembeni. Ukirudisha, unarudi hapo hapo.

Usisahau sindano ya boya. Ndiyo inayofunga mafuta yasiendelee kuingia bakuli likijaa. Isipofunga sawasawa, na koki ikawa imeachwa wazi, petroli hupita polepole kwa miezi mpaka ndani ya injini. Ndiyo maana, kabla ya kiki yoyote, chomoa kijiti cha oili. Kama oili imepanda juu ya alama wakati hakuna aliyeongeza, inuse. Ikinuka petroli, imwage. Na kama silinda yenyewe ina kimiminika, ukipiga kiki au stata kwa nguvu, pistoni inakwenda kugonga kitu kisichokubali kubanwa. Kitakachopinda ni konrodi, ile fimbo inayoishika pistoni, na hapo injini inafunguliwa yote. Oili ikiwa nyeupe na nzito, hayo ni maji, na yenyewe pia inamwagwa.

Ukishamaliza hapo, toa plagi. Injini inaposimama kuna uwezekano valvu mojawapo ikabaki imefunguka, na kupitia mlango huo hewa yenye unyevu inaingia moja kwa moja kwenye ukuta wa silinda. Ukuta unashika kutu nyembamba, ringi za pistoni zinaganda pale zilipo. Mwagia oili kidogo kupitia tundu la plagi, kijiko cha chai kinatosha, na uiache iteremke. Kesho yake weka gia ya juu, shika tairi la nyuma kwa mikono miwili, lizungushe polepole. Unahisi kila kitu kupitia viganja: ulaini, ukinzani, mahali pa kukwaruza. Mguu kwenye kiki hauhisi haya, unaponda tu. Kama injini imegoma kuzunguka, usiongeze nguvu. Ongeza mafuta ya kulegeza kutu, acha siku kadhaa, jaribu mbele kidogo na nyuma kidogo. Nimewahi kuona iliyochukua muda mrefu kuachia, lakini iliachia bila kuvunjika kitu.

Injini ya dada ilizunguka kwa ulaini uliofanya nimpigie simu hapo hapo.

Betri nitaisema kwa ufupi, maana haina mengi ya kubembelezwa. Hizi za risasi na asidi zinatokana na uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859, na tabia ya msingi haijabadilika: ikiachwa bila chaji, fuwele za salfeti ya risasi hukomaa juu ya sahani na kuziba uso wake. Ipime ikiwa imetulia. Volti 12.6 hadi 12.8 imejaa, 12.4 ni wastani, chini ya 12 imeisha, na ikisoma 10 na kitu huenda seli moja kati ya sita imekufa. Ichaji taratibu kwa takriban sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, yaani betri ya ampia-saa 5 ipewe nusu ampia, mahali penye hewa na pasipo cheche, kwa kuwa inatoa haidrojeni. Iliyokaa miaka mitatu bila chaji, kwa kawaida unanunua nyingine. Ukilazimika kuazima umeme wa gari, injini ya gari iwe imezimwa.

Pikipiki nyingi ndogo za kabureta huwaka kwa kiki hata betri ikiwa hoi. Zenye mfumo wa sindano za mafuta haziko hivyo. Pampu yake imezama ndani ya tangi na inahitaji umeme wa kutosha. Ukiwasha swichi unatakiwa kuisikia ikivuma sekunde chache kisha inyamaze. Ikiwa kimya kabisa, angalia fyuzi kwanza, halafu ujue kwamba huenda utomvu ule ule wa petroli umeigandisha.

Chujio la hewa lifungue hata kama kwa nje boksi lake ni safi. Panya wanalipenda. Sponji ya zamani hubomoka ikawa unga, na unga huo unavutwa na injini. Mulika pia mdomo wa eksozi, nyigu hujenga humo.

Kuna kitu kimoja kinachosahaulika na ndicho kinachonitia hofu kuliko vyote: waya wa eksileta. Ukiwa na kutu ndani ya ganda lake, utavuta vizuri na hautarudi. Fikiria injini imewaka baada ya miaka, hujajiandaa, na mafuta yamebaki wazi. Kabla ya kuwasha, zungusha mkono wa mafuta na uuachie. Urudi wenyewe, kwa mlio wa kugonga, usukani ukiwa umekatwa kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho. Ukirudi kwa uvivu, toa waya, utie oili au uweke mpya. Na hakikisha swichi nyekundu ya kuzimia inafanya kazi, kwa sababu siku hiyo unaweza kuihitaji kweli.

Kisha ndiyo kuwasha. Itoe nje, si mlangoni, nje kabisa. Moshi una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na pikipiki iliyokaa itakulazimisha uinamie muda mrefu. Petroli mpya, kiasi kidogo tu. Oili mpya, ya bei ya kawaida, kwa kuwa haitakaa. Plagi ikiwa bado nje, imechomekwa kwenye kofia yake na kugusishwa kwenye chuma cha injini, piga kiki taratibu kadhaa. Unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: oili inapanda mpaka kichwani kwa valvu bila mzigo wowote, na unaangalia kama plagi inatoa cheche. Isiachwe inaning'inia, kwa sababu umeme usio na pa kwenda unaweza kuunguza CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoendesha cheche. Na tundu la plagi lisielekee kwako, litatema.

Rudisha plagi, fungua koki, subiri bakuli lijae, vuta choki, weka nyutro. Piga.

Isipowaka baada ya kujaribu, usiendelee kupiga kwa hasira. Chomoa plagi uisome. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki, rudi kwenye koki na kabureta. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika na tatizo ni cheche, au umeyazidisha. Ikiwa imelowa na cheche ipo, weka kidole kwenye tundu umwombe mwenzako apige kiki: upepo usukume kidole kwa nguvu. Usiposukuma, ringi au valvu hazifungi. Mafuta, cheche, mgandamizo. Sijakutana na kugoma kulikokuwa nje ya hayo matatu, ingawa swichi nyekundu yenye kutu ndani imewahi kujificha nyuma ya cheche ikanitafutisha.

Ya dada ilikohoa, ikatoa moshi mzito wa buluu, ikashika. Usishtuke na moshi huo wa mwanzo, ni ile oili uliyomwagia kwenye silinda inaungua. Ukiendelea hata injini ikishapata moto, sili za valvu zimekakamaa au ringi zimechoka. Usipige resi. Najua mkono unawasha, kila mtu anataka kuisikia ikinguruma, lakini oili bado inatafuta njia zake. Iache itulie kwa mngurumo wa chini, rudisha choki polepole, zunguka na tochi kuangalia kinachovuja. Ikipata moto vizuri, zima, umwage oili ikiwa bado ya moto, uweke ile unayoiamini. Iliyotoka imebeba maji, kutu na petroli ya zamani, na ndiyo kazi uliyoipa.

Kuwaka si ruhusa ya kupanda. Klachi iliyokaa hugandisha sahani zake. Ukitia gia ya kwanza huku umeikamata, pikipiki inaruka mbele. Izoeshe kwanza injini ikiwa imezimwa, gia ya juu, klachi imeshikwa, ukiisukuma mbele na nyuma mpaka uhisi imeachia. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya maji, na kawaida hubadilishwa kila miaka miwili, kwa hiyo usijadiliane nayo. Pistoni ya kalipa, kibanio cha diski ya breki, inaweza kushika kutu ikabana bila kuachia. Tairi usilipime kwa meno yake. Tafuta ubavuni tarakimu nne zilizo peke yake mwishoni mwa alama inayoanza na herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za dada zilikuwa na meno mazuri, upepo ulishika, lakini ubavuni kulikuwa na nyufa nyembamba zilizofunguka ukikandamiza kwa dole gumba. Nikamwambia hizo haziendi barabarani. Alibisha, "Mbona bado mpya?" Nikampigia picha ya nyufa, akatuma hela ya tairi.

Aliniuliza pia kama niwe naiwasha dakika tano kila wiki mpaka arudi, ili isirudi ilikokuwa. Watu wengi hufanya hivyo kwa nia njema kabisa, na mimi naipinga. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji, kama mvuke. Injini iliyopata moto sawasawa huyatoa yote nje. Ya dakika tano inayaacha kwenye oili na kwenye eksozi, na chaji aliyoitumia stata haijarudi kwenye betri. Kwa hiyo tulikubaliana hivi: nikipata nafasi naiendesha barabarani nusu saa, mpaka kila kitu kiwe cha moto. Nikijua sitakuwepo kwa miezi, najaza tangi hadi juu, nafunga koki, namwaga mafuta ya kwenye bakuli la kabureta kwa ile skrubu ya chini, nachomoa waya wa hasi wa betri, na naisimamisha kwa stendi ya kati tairi la nyuma lisibebe uzito mahali pamoja.